Mlo wa Kifaransa, mali ya Kijapani: hesabu za sahani moja mjini Kanazawa

Na Mwandishi Wetu, Kanazawa

WAFANYABIASHARA wa Afrika Mashariki wanaijua Japani kwa magari yaliyotumika, vipuri na pikipiki. Ni wachache walioitazama nchi hiyo kwa upande wa chakula, na hasa kwa biashara moja inayoendeshwa na watu wenye mitaji midogo: mgahawa wa Kifaransa unaopika kwa mazao na samaki wa Japani. Hesabu za biashara hiyo zina mafunzo kwa yeyote anayeuza mazao, samaki au chakula kilichopikwa, na mwisho wake zinaigusa hata kahawa yetu wenyewe.

Ukurasa huu ulipata nafasi ya kula chakula cha mchana katika mgahawa mmoja wa aina hiyo mjini Kanazawa, mkoa wa Ishikawa, upande wa pwani ya Bahari ya Japani. Ilikuwa wiki ya pili ya Novemba, siku chache baada ya msimu wa kaa kufunguliwa. Mwenyeji wetu alikuwa Mtanzania anayenunua magari kwenye minada ya Nagoya na kuyapakia melini kwenda Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyetafsiri mazungumzo, na ndiye aliyeweka nafasi wiki tatu kabla.

Bei ilikuwa yeni 6,000 kwa kichwa, na juu yake kodi ya matumizi ya asilimia 10, jumla yeni 6,600. Kwa fedha za Tanzania hiyo ni kama shilingi laki moja. Hakuna orodha ya kuchagua. Wateja wote wa siku hiyo wanakula mlo mmoja, kwa saa moja, na anayechelewa anawachelewesha wenzake.

Kwa nini Kanazawa

Kanazawa si mji mkubwa ukiulinganisha na Tokyo au Osaka, lakini ni mji wenye historia ya utajiri. Kuanzia mwaka 1583 ulikuwa makao ya ukoo wa Maeda, watawala wa jimbo la Kaga, ambao mapato yao yalihesabiwa kwa mchele na kufikia vipimo milioni moja vya koku. Mtawala mwenye mapato ya namna hiyo alikuwa na wapishi, wafinyanzi wa sahani na mafundi wa dhahabu. Hadi leo karibu dhahabu yote ya kupamba inayofuliwa nchini Japani kuwa karatasi nyembamba hutoka mji huu.

Soko lake kuu la rejareja, Omicho, lina umri wa miaka 300 hivi na maduka karibu 170. Wenyeji huliita jiko la Kanazawa. Mtu akiingia asubuhi anakuta kaa wamepangwa kwa safu, samaki juu ya barafu, na mboga ambazo hazipatikani kwa urahisi penginepo.

Kilichobadilisha biashara ni reli. Tarehe 14 Machi 2015 treni ya mwendo kasi ilifika Kanazawa, na safari ya kutoka Tokyo ikawa ya saa mbili na nusu. Tarehe 16 Machi 2024 reli hiyo ikasogezwa hadi Tsuruga, mkoa wa Fukui. Mkazi wa Tokyo anaweza kuondoka kwake asubuhi, akala mchana Kanazawa na akalala kwake. Mpishi aliyejifunza kazi Tokyo au Ufaransa naye akaona kwamba anaweza kurudi mkoani, akalipa kodi ndogo ya pango, na wateja wenye fedha wakamfuata huko huko.

Ufaransa ilivyoingia

Upishi wa Kifaransa si mgeni Japani. Tangu enzi ya Meiji, karne ya 19, karamu za kitaifa za ikulu zimekuwa zikiandaliwa kwa mtindo wa Kifaransa. Mwaka 1960 Shizuo Tsuji alifungua chuo cha upishi mjini Osaka, na mwaka 1972 mpishi maarufu wa Ufaransa, Paul Bocuse, alikuja kufundisha hapo. Baada ya hapo vijana wengi wa Kijapani walikwenda kufanya kazi katika majiko ya Ufaransa.

Waliporudi, wengi waliagiza kila kitu kutoka Ulaya. Miaka ya 1980 fedha ilikuwepo. Bei za ardhi na hisa zilipanda mno, na tarehe 29 Desemba 1989 kipimo cha hisa cha Nikkei kilifika 38,915. Maini ya bata, uyoga wa thamani na jibini vilisafirishwa kwa ndege. Hisa zilipoanguka, wateja waliokuwa wakila kwa fedha za kampuni walipungua, na mpishi akalazimika kujiuliza swali la kila mfanyabiashara: nini ninaweza kununua hapa hapa nilipo?

Wapo walioanza kujibu mapema. Kiyomi Mikuni, mzaliwa wa Hokkaido, alifungua mgahawa wake Tokyo mwaka 1985 na akajulikana kwa kutumia mazao ya Japani katika upishi wa Kifaransa. Aliuendesha hadi Desemba 2022. Novemba 2007 kitabu cha Michelin kilitoa toleo la kwanza la Tokyo na kugawa nyota 191 kwa migahawa 150, jambo lililowashangaza Wafaransa wenyewe. Mwaka 2020 Kei Kobayashi akawa Mjapani wa kwanza kupata nyota tatu akiwa na mgahawa ndani ya Ufaransa.

Yeni nayo imesukuma

Sababu ya pili ni thamani ya fedha. Mwanzoni mwa mwaka 2021 euro moja ilikuwa ikinunuliwa kwa yeni 126 hivi. Julai 2024 ilipita yeni 170. Chukua chupa ya mvinyo wa Ufaransa yenye bei ya euro 40 kwa muuzaji. Mwaka 2021 ilikuwa yeni 5,040. Mwaka 2024 chupa hiyo hiyo, bei hiyo hiyo kwa euro, ilikuwa yeni 6,800. Ni ongezeko la karibu asilimia 35 bila mkulima wa Ufaransa kuongeza senti moja.

Februari 2019 mkataba wa biashara kati ya Japani na Umoja wa Ulaya ulifuta ushuru wa forodha kwa mvinyo wa Ulaya. Wauzaji walifurahi, lakini kushuka kwa yeni kulikula nafuu hiyo na kuzidi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mali kwa dola hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili.

Hivyo basi mpishi anayenunua figili ya shamba la jirani na samaki wa bandari ya mkoa wake hafanyi hivyo kwa mapenzi ya nchi peke yake. Anajikinga na dirisha la kubadilishia fedha.

Kilichokuja mezani

Kwanza alikuja kaa. Hapa wanamwita kobako, kaa jike wa theluji, mdogo kuliko dume. Alikuwa ameondolewa nyama yote, ikapangwa tena ndani ya gamba lake pamoja na mayai, na juu yake krimu nyepesi yenye ndimu ya Kijapani. Kaa huyu anavuliwa kuanzia tarehe 6 Novemba hadi tarehe 29 Desemba tu. Dume lake huendelea hadi tarehe 20 Machi. Kwa mpishi, jike ni mali nzuri: bei yake iko chini sana kuliko ya dume, mteja anajua kwamba msimu ni mfupi, na kazi ya kumchambua inafanyika jikoni, si mezani.

Pili ilikuja supu ya mzizi wa yungiyungi. Mmea huu huoteshwa kwenye matope, na ule wa Kaga una wanga mwingi kiasi kwamba supu ilijifunga yenyewe bila kutiwa unga. Mfaransa angetumia viazi mviringo na krimu. Hapa krimu ilikuwa matone tu.

Tatu alikuja samaki aitwaye buri, jamaa ya kolekole wetu, mwenye mafuta mengi wakati wa baridi. Alikuwa amekaangwa upande wa ngozi, akalazwa juu ya kipande cha figili nene ya Gensuke iliyochemshwa polepole. Figili hii ina sifa ya kutovunjika ikichemshwa. Mchuzi ulikuwa wa siagi na mvinyo mweupe kama ule wa Ufaransa, ila chumvi yake ilitokana na ishiru, maji ya samaki au ngisi waliochachushwa kwa chumvi katika rasi ya Noto. Harufu yake ikiwa ndani ya chupa ni kali. Ndani ya siagi inageuka kuwa utamu.

Samaki huyu buri ana jambo moja ambalo kila mchuuzi wa samaki atalipenda. Jina lake hubadilika kadiri anavyokua. Hapa Ishikawa akiwa mtoto huitwa kozokura, akikua kidogo fukuragi, halafu gando, na akifikia ukubwa kamili ndipo anapoitwa buri. Bei hupanda pamoja na jina. Wajapani humwita samaki wa kupandishwa cheo. Ni samaki yule yule, lakini soko limekubaliana daraja zake kwa majina, na mnunuzi anaposikia jina anajua ukubwa na bei yake kabla hajamwona.

Nne kilikuja kipande cha nyama ya ng'ombe wa Noto. Kilikuwa vipande viwili vyembamba, si zaidi ya upana wa vidole vitatu. Kuzunguka sahani zilijaa mboga: viazi vitamu, majani ya kinjiso yenye rangi ya zambarau upande wa chini, vitunguu virefu, uyoga.

"Kaka, nyama ndiyo hii?" nilimuuliza mwenyeji wetu kwa sauti ya chini.

"Mdogo wangu, hesabu mboga," alinijibu. "Nyama imekuja kutoa jina. Sahani imejazwa na mboga."

Alikuwa amesema kweli. Ng'ombe wa Noto ni wachache na bei yao ni kubwa. Mteja anataka kuliona jina hilo, na mpishi hana uwezo wa kumpa gramu 200 kwa bei ya mchana. Kwa hiyo anampa nyama kidogo iliyopikwa vizuri, na shibe inatoka kwenye mboga ambazo mpishi anazipata kwa bei nafuu. Hakuna aliyedanganywa, maana kila kitu kinaonekana.

Mwisho ilikuja keki ya viazi vitamu vya Gorojima, vinavyolimwa kwenye mchanga wa pwani, na kahawa. Habari za kahawa tutazifikia.

Hesabu zenyewe

Mgahawa una viti 14. Jikoni wako wawili, mezani wako wawili. Kanuni inayofahamika sana katika biashara ya migahawa nchini Japani ni kwamba mali ghafi ichukue kiasi cha asilimia 30 ya mauzo, na mali ghafi pamoja na mishahara visizidi asilimia 60. Tuiweke kanuni hiyo juu ya meza yetu, tukiacha kodi ya serikali pembeni.

Viti vyote 14 vikijaa, mauzo ya mchana ni yeni 84,000. Mali ghafi, yeni 25,200. Mishahara, yeni 25,200. Zinabaki yeni 33,600 za kulipia pango, umeme, gesi, kufua vitambaa vya meza, sahani zinazovunjika, marejesho ya mkopo na, vikipita vyote hivyo, faida.

Sasa chukua siku ambayo wameweka nafasi watu 10 tu. Mauzo ni yeni 60,000. Mali ghafi inashuka hadi yeni 18,000 kwa sababu mpishi alijua mapema na akanunua kidogo. Mishahara haishuki, ni yeni 25,200 zile zile. Zinabaki yeni 16,800. Wateja wamepungua wanne kati ya 14, lakini kilichobaki kimepungua kwa nusu kamili.

Kisha chukua siku mbaya zaidi: watu 14 waliweka nafasi, mpishi akanunua mali ya watu 14, na wanne wasitokee. Mauzo ni yeni 60,000, mali ghafi yeni 25,200, mishahara yeni 25,200. Zinabaki yeni 9,600. Tofauti ya yeni 7,200 kati ya siku hii na ile ya kabla yake haikutokana na wingi wa wateja, maana walikula watu 10 siku zote mbili. Imetokana na mpishi kutojua.

Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini mgahawa unadai nafasi iwekwe mapema, na kwa nini hakuna orodha ya kuchagua. Mgahawa wenye vyakula 30 kwenye orodha unapaswa kuwa na mali ya vyakula 30 jikoni kila asubuhi, na jioni kutupa visivyoagizwa. Mgahawa wa mlo mmoja unanunua kwa idadi ya vichwa. Kaa ni 14, vipande vya samaki ni 14. Kinachobaki ni maganda, na hayo nayo yanachemshwa kuwa supu ya kesho.

Chakula cha mchana chenyewe kina kazi ya pili. Mlo wa jioni katika migahawa ya namna hii huwa ghali zaidi na una mvinyo, na mvinyo ndiko faida iliko. Mteja wa mchana anaonja kwa bei nafuu ili arudi jioni. Kwa lugha ya sokoni, mchana ni kionjo.

Mali inafikaje jikoni

Kwa muda mrefu mazao na samaki wa Japani walipita kwenye masoko ya jumla yanayosimamiwa na sheria. Mkulima hupeleka kupitia chama cha ushirika, muuzaji wa jumla hunadi, dalali mwenye leseni hununua, na mwenye duka au mgahawa hununua kwa dalali. Kamisheni ya muuzaji wa jumla ilikuwa ikipangwa kitaifa: asilimia 8.5 kwa mboga na asilimia 5.5 kwa samaki. Upangaji huo uliondolewa mwaka 2009. Sheria ya masoko ya jumla ikarekebishwa mwaka 2018, na kuanzia Juni 2020 kila soko likaachiwa uhuru zaidi wa kujipangia nani auziwe na kwa njia gani. Kwa ufupi, hata Japani ilichelewa kufika kwenye soko huria la mazao.

Mgahawa mdogo hutumia njia mbili kwa pamoja. Samaki anatoka kwa dalali wa sokoni, kwa sababu samaki hutegemea bahari na dalali ndiye anayejua kilichoshuka usiku. Mboga nyingi zinatoka moja kwa moja kwa wakulima. Kwa maelezo tuliyopewa mezani, mkulima anapenda njia hiyo kwa sababu mpishi huchukua hata zao lililopinda au lililo dogo, ambalo katika daraja za ushirika lingeshuka bei au kukataliwa. Mpishi anakata mwenyewe, umbo la figili kabla ya kukatwa halimhusu.

Zipo pia stesheni za barabarani, ziitwazo michi no eki, zilizoanzishwa rasmi mwaka 1993 na ambazo sasa zinazidi 1,200 nchi nzima. Katika nyingi mkulima huweka mzigo wake, huandika bei mwenyewe na hulipa kamisheni ya mauzo tu.

Jina lina mwenyewe

Mboga za Kaga si jina la kujipachika. Kuna chama kilichoanzishwa mjini Kanazawa mwaka 1997 ambacho hutambua mboga 15 tu. Ili zao liingie kwenye orodha ni lazima liwe limelimwa hapa tangu kabla ya mwaka 1945 na bado linalimwa hasa Kanazawa. Yungiyungi lipo, figili ya Gensuke ipo, viazi vya Gorojima vipo. Zao jipya, hata likiwa tamu, halimo.

Kaa dume wa Ishikawa anaitwa kano-gani na huuzwa akiwa na kibandiko cha buluu mguuni. Mwaka 2021 mkoa ulianzisha daraja la juu kabisa kwa kaa hao, na katika mnada wa kwanza kaa mmoja wa daraja hilo aliuzwa kwa yeni milioni 5. Zabibu za Ruby Roman, ambazo kila tunda lazima liwe na angalau gramu 20, zinatoka mkoa huu huu. Mwaka 2022 kichala kimoja kilinunuliwa mnadani kwa yeni milioni 1.5.

Bei hizi za mnada wa kwanza zisimdanganye msomaji. Mnunuzi halipi kwa ajili ya kula. Analipa ili jina la duka au hoteli yake litajwe magazetini siku inayofuata, na ni tangazo lenye bei nafuu kuliko ukurasa mzima. Kesho yake kaa anauzwa kwa bei ya kawaida. Lakini kelele ile inafanya kazi kwa mkoa mzima: mteja wa Tokyo amesikia, na anapopanda treni anajua anakwenda kula nini.

Jina likiwa na thamani, wezi nao huja. Mwaka 2022 ilithibitika kwa vipimo kwamba zabibu zilizokuwa zikiuzwa Korea Kusini kwa jina la Ruby Roman zilitokana na miche ya aina hiyo hiyo. Na ndani ya Japani kwenyewe, Oktoba 2013, kundi moja kubwa la hoteli la Osaka lilikiri kwamba migahawa yake ilikuwa ikiandika majina ya vyakula yasiyolingana na kilichomo sahanini. Mkuu wake alijiuzulu, hoteli na maduka mengine yakafuata kukiri, na mwaka 2014 sheria ya matangazo ya bidhaa ikakazwa. Tangu hapo mpishi anayeandika Noto kwenye karatasi ya mlo anajua kwamba anaandika ushahidi.

Bahari iliponyanyuka

Biashara inayotegemea mahali pamoja ina hatari yake, na hatari hiyo ilijitokeza tarehe 1 Januari 2024. Tetemeko la kipimo cha 7.6 lilipiga rasi ya Noto. Zaidi ya watu 200 walikufa papo hapo. Mtaa wa soko la asubuhi la Wajima uliteketea kwa moto. Katika sehemu za pwani ya Wajima ardhi ilinyanyuka kwa kiasi cha mita 4, maji yakakimbia, na boti zikakwama katika bandari iliyokuwa imekauka. Boti zilikuwa nzima, wavuvi wakiwa tayari, lakini hapakuwa na maji ya kuelea. Septemba mwaka huo huo mvua kubwa ilileta mafuriko katika maeneo yale yale.

Kwa mgahawa unaojitangaza kwa mali ya Noto, hilo lilikuwa swali la maisha. Njia ya kwanza ilikuwa kununua samaki wa penginepo na kuacha jina la Noto kwenye karatasi. Baada ya mambo ya 2013 hiyo si njia. Njia ya pili ilikuwa kufunga. Huyu tuliyemtembelea alichagua ya tatu: aliandika jina la bandari halisi ambako samaki alitoka, hata kama ni ya mkoa jirani, na akaendelea kununua kutoka Noto vile vilivyopatikana, hasa ishiru na chumvi zilizokuwa tayari kwenye mapipa na maghala. Wateja, alisema, waliuliza maswali mengi kuliko zamani. Hawakuondoka.

Hatari nyingine haina kishindo. Sensa ya kilimo ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba wastani wa umri wa wakulima wakuu wa Japani umezidi miaka 67. Zao linalolimwa na wazee kumi linaweza kupotea ndani ya miaka michache, na chama chenye orodha ya mboga 15 hakiwezi kulima. Mpishi anayelipa bei nzuri anasaidia, lakini viti 14 haviwezi kuokoa bonde zima.

Na siagi nayo? Hiyo haitoki Ishikawa. Zaidi ya nusu ya maziwa ya Japani hutoka Hokkaido, na uagizaji wa siagi kutoka nje unadhibitiwa na serikali. Mwaka 2014 siagi iliadimika madukani hadi serikali ikaagiza ya dharura. Mgahawa wa Kifaransa unaweza kubadilisha mboga, samaki na chumvi. Siagi ikikosekana, jiko limesimama. Mwenye biashara ajue ni kitu gani kimoja asichoweza kukibadilisha, na akiwekee akiba.

Kahawa ya mwisho

Kahawa iliyoletwa ilikuwa ya Kilimanjaro. Mhudumu alilitaja jina hilo kwa heshima ile ile aliyolitajia la kaa. Mwenyeji wetu alicheka, akamwambia kwamba sisi ndio wenye mlima. Mhudumu aliinama.

Kwa kanuni za ushindani wa haki zinazofuatwa na wauza kahawa wa Japani, jina Kilimanjaro ni la kahawa ya Arabika iliyolimwa Tanzania, isipokuwa ile ya Bukoba. Mchanganyiko unaouzwa kwa jina hilo lazima uwe na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo. Maana yake ni kwamba Arabika ya Mbinga au ya Mbozi, iliyolimwa mamia ya kilomita kutoka mlimani, ikifika Japani inaweza kuitwa Kilimanjaro. Wajapani ndio walioweka kanuni hiyo, wanailinda wao, na faida ya jina inapatikana zaidi upande wao, baada ya kahawa kukaangwa na kufungwa.

Ufuta ni hivyo hivyo. Karibu ufuta wote unaoliwa Japani hutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa wauzaji. Lakini ufuta wetu huingia kwa magunia, hauna jina, na bei yake ni ya uzito. Tulikula viazi vitamu vyenye jina la kijiji chao. Kama juu ya mboga zile palikuwa na ufuta wa Lindi, hapakuwa na namna ya kujua.

Funzo kwa mwenye mtaji mdogo

Kwanza, ijue idadi kabla ya kununua. Hasara kubwa ya mwenye mgahawa haitokani na wateja wachache peke yake, inatokana na kununua bila kujua. Anayeuza chakula maofisini kwa oda za asubuhi anafuata kanuni ile ile.

Pili, kitu ghali kitoe jina na kitu cha bei nafuu kitoe shibe, mradi mteja aone vyote viwili.

Tatu, daraja za mali ziwe na majina yanayoeleweka. Samaki mmoja wa Ishikawa ana majina manne na kila jina lina bei yake. Dagaa, pweza au mchele usio na daraja unauzwa kwa bei ya ule mbaya kuliko wote katika gunia.

Nne, jina la mahali ni mali, na mali isiyoandikishwa huchukuliwa. Mboga 15 za Kaga zina chama, masharti na muhuri. Mkulima wa mchele wa Kyela anajua vizuri ni magunia mangapi yanayopita mjini yakiitwa Kyela bila kuwahi kuliona Ziwa Nyasa.

Mwisho, anayeuza jina la mahali awe tayari kwa siku ambayo mahali hapo hapatoi kitu. Siku hiyo ataandika ukweli au ataandika uongo, na wateja watakumbuka alichoandika muda mrefu baada ya samaki kurudi.